Sakafu ya Chumba cha Warda

Kiegeani, Mafia
Alhamisi, 1 Agosti 2024

Mdogo wangu Warda,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mbuzi mmoja kala mfuko wa saruji, mfuko mtupu, na tunamwangalia. Mke wangu Chiku anakusalimu. Mama hajambo, magoti yake ni yale yale. Msalimie shemeji Taufiki.

Usishangae kupata barua. Simu ya nyumba hii ikilia mama anaweka spika, na kabla hujakata mtaa mzima unajua umepika nini. Barua hii nampa Mfaume, yule mchukuzi wa boti. Amesema akishuka Nyamisati ataifikisha Mbagala kwa mkono wake.

Uliponiambia unataka kuja kupumzika kidogo, sikukuuliza maswali. Nimejenga chumba. Kiko uani, kaskazini mwa nyumba ya mama, hatua kumi na mbili. Kuta za mawe, bati jipya, na sakafu ya mbao! Hoteli moja ya watalii ilibomoa vibanda vyake vya zamani, nikanunua mbao za mvule, nikazipiga randa upya, na sasa hakuna ufa hata wa kupitisha wembe. Kiegeani nzima hakuna sakafu ya namna hii. Watu wamekuja kuitazama wakavua viatu bila kuambiwa.

Jumatatu naanza kupaka vanishi, ile inayong'aa mpaka unajiona meno. Mikono mitatu. Ukifika utakuta bado inanukia upya.

Ni mimi kaka yako,
Shaibu


Mbagala
Jumatano, 7 Agosti 2024

Kaka Shaibu, shikamoo.

Mfaume kafika Jumapili, kala wali, kaondoka. Sisi hatujambo. Taufiki hajambo, anakusalimu, biashara yake ya vitambaa inakwenda. Poleni na mbuzi.

Samahani kwa simu ile. Nilisema neno moja tu, "Usipake," na mama akadakia, "Asipake nini?" Nashukuru ulivyosema hina ya ndevu. Najua huna ndevu, na mama naye anajua.

Kaka, chumba kimeniliza. Lakini sikiliza vizuri, maana mwaka jana nilikwambia juu juu. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye karakana ya makochi, mimi nabandika sponji kwa gundi, huku jirani yangu anapuliza vanishi. Kilianza kichwa. Sasa ni kila kitu: rangi mpya, gundi, marashi, udi, sabuni ya unga ya nyumba ya pili. Uso unawaka, pumzi inabana, nalala siku mbili. Daktari ameniambia dawa yake ni kukaa mbali. Ndiyo maana Idi ile, miaka minne iliyopita, nilikuja kwa siku saba nikaondoka siku ya pili bila kuaga. Mama alikuwa amekifukiza chumba changu tangu alfajiri, kitanda, shuka, mpaka mto. Ningebaki mngenizika.

Basi usipake kitu kabla sijakijaribu. Tafuta vipande vya mbao ile ile, kila kimoja ukipake dawa yake. Viache wiki tatu penye upepo, kwa sababu kukauka kwa kidole si kukauka kwa pua. Halafu kila kimoja kitie kwenye chupa ya mdomo mpana iliyochemshwa, funga, mpe Mfaume. Mimi nitaiweka juani, nitafungua, nitanusa. Kikipita hapo, nalala nacho kando ya mto.

Na usidanganyike na maandishi ya kopo. Zipo vanishi zimeandikwa hazinuki, kumbe zimetiwa manukato ya kufunika. Pua inanyamaza, mapafu yanaugua.

Mama anasemaje kuhusu mimi kuja?

Mdogo wako,
Warda


Kiegeani
Jumapili, 8 Septemba 2024

Warda,

Marahaba. Mbuzi mzima, mfuko ulitoka. Chiku ana mafua. Mama hajambo.

Nina miaka thelathini katika ufundi huu na sijawahi kupewa mtihani na mbao. Lakini nimefanya. Unapokea chupa tatu. Ya kwanza ni vanishi yangu ya kung'aa, usiihukumu kabla hujaiona. Ya pili ni mafuta ya nazi yaliyochemshwa na nta ya nyuki, alinifundisha mzee mmoja. Ya tatu ni sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka vyombo vya baharini. Hayo ni ya asili kabisa, hayana kemikali hata tone, na mbao haiingiwi na mdudu mpaka Kiyama.

Ukikataa zote nitaacha mbao uchi, na jambo hilo halijapata kutokea mikononi mwangu.

Shemeji anasemaje? Anakuja nawe? Nimetengeneza kitanda cha watu wawili.

Shaibu


Mbagala
Jumamosi, 21 Septemba 2024

Kaka, shikamoo.

Mwambie Chiku pole. Mimi sijambo.

Umeuliza Taufiki anasemaje. Chupa ya kwanza, ile ya kung'aa, niliifungua nikiwa uani nikaifunga kabla kifuniko hakijatoka chote. Nililala siku moja na nusu. Ni nzuri kweli kwa macho.

Ya pili haikunidhuru. Nimelala nayo usiku nne, kichwa kizima. Lakini haikauki, kaka. Shuka limenata, na asubuhi ya tano nimekuta sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka kwenye mto wangu. Sakafu nzima ya namna hiyo, wataninyanyua wanitoe nje.

Ya tatu. Kaka Shaibu. Papa pia ni wa asili. Sikuifungua mimi, ilifunguliwa na kondakta wa basi aliyetaka kujua Mfaume kabeba nini, na abiria walishuka wote. Mfaume amesema hatabeba tena kitu cha tatu chako.

Wenzangu wenye maradhi haya wananiambia kuna vanishi ya maji, haizimuliwi kwa tina, inazimuliwa kwa maji. Ukiimaliza unaosha brashi bombani. Iulizie. Usichukue yenye manukato. Na kaka, nikuombe: chumba kiwe tayari kabla ya mwisho wa Novemba. Usiniulize kwa nini.

Hukunijibu. Mama anasemaje?

Warda


Kiegeani
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Amani iwe nawe. Mvua za vuli zimeanza, bati halivuji. Chiku amepona.

Umeuliza mama anasemaje. Vanishi ya maji nimeipata. Nilikwenda Kilindoni kwa Abdulrasul, mwenye duka la vifaa, nikamwambia nataka vanishi isiyonuka. Akaniangalia. "Shaibu, isiyonuka utajuaje imekauka?" Nikamwambia ni ya dada yangu, anaumwa na harufu. Akafikiri sana, akasema, "Basi hata dukani kwangu asije," akaiagiza Dar. Ilikuja baada ya wiki. Nyeupe kama maziwa! Nikaona nimetapeliwa. Nimeipaka kwenye vipande viwili, baada ya dakika ishirini ikawa wazi, haina rangi, haing'ai, haina majivuno yoyote. Mbao inaonekana mbao tu. Brashi nimeiosha kwa maji kama bakuli la uji, na nimeona haya kidogo.

Kipande kimoja kimebaki karakanani. Kingine, baada ya wiki tatu za upepo, nilikitia chupani nikakifunga kwa karatasi, nikaandika jina lako, nikakiacha sebuleni kumsubiri Mfaume. Ndicho hicho.

Mwisho wa Novemba nitajitahidi. Sijauliza kwa nini. Lakini shemeji mbona humtaji?

Shaibu


Mbagala
Jumanne, 5 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Naandika nimelala. Leo siku ya nne.

Mbao inanuka udi. Si udi wa dukani, ni udi wa mama, ule anaopika mwenyewe kwa sukari na sandali. Nimefungua chupa nikaona kama yuko chumbani. Halafu pumzi ikakatika, na jirani akanipeleka zahanati kwa bodaboda. Mna nini huko?

Sasa nakwambia, sina nguvu ya kuficha. Taufiki ameniacha. Talaka imetoka siku ya mwisho ya Agosti. Hakunipiga, hakunitukana. Alikuwa anafua kanzu zake mara tatu, anakoga kabla ya kunisogelea, dukani wanamcheka. Akasema, "Warda, nimechoka kuishi kama mwizi nyumbani kwangu." Sikuweza hata kubishana, maana ni kweli. Niko kwenye eda ndani ya nyumba yake na inaisha mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo sina pa kulala penye hewa ninayoiweza. Nilikuwa nahesabu chumba chako, kaka. Ndicho pekee.

Mniambie ukweli. Kama mama hanitaki, sema.

Warda


Kiegeani
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Warda mdogo wangu,

Pole. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole sana. Ungesema Septemba ningekuja mwenyewe, ningekubeba mgongoni mpaka Nyamisati.

Ukweli ni huu, na mwenye kosa ni mimi. Mama aliikuta chupa sebuleni. Hajui kusoma ila jina lako analijua. Akaona mwanawe anapelekewa kipande cha mbao kikavu. Akafungua, akakifukiza chetezoni pamoja na kanga zake, akakirudisha, akafunga kifuniko vizuri kuliko nilivyofunga mimi. Nilipomuuliza jana akasema, "Kitu cha binti hakiendi hivi hivi. Wewe hukufunzwa?"

Na hajui chumba ni chako. Nilimwambia ni cha kupangisha walimu. Unajua kwa nini? Kwa sababu angejua, angeanza kukifukiza siku ile ile. Na hajui maradhi yako. Miaka minne anaamini ulimkimbia yeye. Anasema umekaa mjini, ukarudi ukaona nyumba yake inakutia kinyaa. Hasemi kwa hasira, anasema akichambua mchele, kisha anauliza kama nimekupigia. Kila ulipouliza mama anasemaje, mimi nikakueleza vanishi. Nilishindwa, Warda. Kumwambia mama kwamba anachomfanyia mwanawe kwa mapenzi ndicho kinachomuua, maneno hayo sikuyapata. Mimi ni seremala.

Nakuletea kile kipande cha pili. Hakijaingia ndani ya nyumba. Mfaume nimemwapisha.

Shaibu


Mbagala
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Kaka,

Nimelala nacho usiku tatu. Wa kwanza mbali, wa pili karibu, wa tatu nimekiweka chini ya shavu. Hakuna kitu. Nimeamka nina alama ya mbao usoni na kichwa chepesi.

Paka. Mikono miwili, msasa mwembamba katikati, milango na madirisha wazi mwezi mzima hata mvua ikinyesha. Hapo kati nitalala kwenye jiko la nje la jirani yangu. Halina mlango, ndiyo raha yake.

Na mwambie mama. Mimi nimejaribu kwa simu mara mbili. Mara zote akaweka spika, nikamuuliza habari za magoti.

Warda


Kiegeani
Jumapili, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu Warda,

Sakafu imepakwa tarehe ishirini na moja Novemba. Mafundi wenzangu wamekuja, wakapapasa, wakaniuliza nitapaka lini.

Mama nimemwambia. Ilinichukua siku kumi. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, nikaona akiwa na kazi mkononi itakuwa nafuu. Nikasema, "Mama, Warda hakukukimbia wewe. Alikimbia udi." Nikamweleza yote, gundi, kichwa, pumzi, ile chupa, na Taufiki pia. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kinatoa vumbi. Akauliza, "Na wewe umejua tangu lini?" Nikasema tangu mwaka jana. Akasema, "Niondokee."

 Siku tatu chakula nilikuwa naletewa kwa mkono wa Chiku. Siku ya nne akaniita, akaanza kunihoji.

"Udi hapana."

"Hapana, mama."

"Asumini kichwani?"

"Nayo."

"Marashi ya mawaridi?"

"Nayo."

"Kidogo?"

"Kidogo pia kinamuumiza."

"Mafuta ya nazi?"

"Hayo yanafaa, keshayajaribu. Nilimpakia kwenye mbao."

Akanitazama. "Kumbe mbao imejaribiwa kabla ya mama yake." 

Tangu siku ile amefua kila kitu. Kanga, mapazia, mito, buibui, kwa sabuni ya kipande, kisha maji matupu mara nne, kisha jua. Sanduku lake amelitoa nje limekaa wazi wiki nzima. Chetezo na udi wake wote amewapa watu wa mtaa wa pili, na akawaambia upepo ukielekea kwetu wasichome. Wamekubali, maana unamjua.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na harusi hapa jirani. Mama akaenda bila udi, bila ua, bila hata tone. Wanawake wakamzunguka, "Bi Mize, pole, umefiwa na nani?" Unajua huku mtu mzima haendi harusini mkavu ila awe na msiba. Akawajibu, "Sijafiwa. Namsubiri mwanangu." Chiku alikuwepo, anasema ukumbi ulinyamaza, na mpiga ngoma akadhani ameambiwa aache.

Chumba kiko tayari, mwezi wake wa upepo unatimia Jumamosi. Kitanda nimekipunguza, sasa ni cha mtu mmoja, nafasi imebaki kubwa. Mimi baada ya mwaka mpya naitwa Bweni, kuna milango ya msikiti ya kutengeneza, huenda usinikute. Njoo tu.

Shaibu


Kiegeani
Alhamisi, 16 Januari 2025

Kaka Shaibu, shikamoo.

Natumai Bweni ni wazima na milango inafungika. Chiku mzima. Mbuzi niliyesikia habari zake nimemuona, ananitazama kama mimi ndiye niliyekula mfuko. Barua hii nampa dereva wa pikipiki anayeleta samaki, kwa sababu simu unajua ilivyo.

Nimefika Jumamosi. Nimelala usiku tano chumbani. Usiku wa kwanza sikupanda kitandani, nililala kifudifudi sakafuni pua imegusa mbao, nikangoja kuumwa. Nikangoja mpaka usingizi ukanichukua. Ubao mmoja karibu na dirisha unalia ukikanyagwa, utauangalia ukirudi. Mengine yote sina neno. Ahsante, kaka. Sijui nikushukuruje, nakushukuru hivyo hivyo.

Sasa mama. Siku ya kwanza hakunisogelea. Alisimama mlangoni, hatua nne, kanga yake imepauka kwa jua. Akanisalimu kama mgeni, akauliza safari, akauliza kama nimekula. Akaenda zake, na nikasikia anakoga tena, mara ya tatu siku ile. Jumapili vivyo hivyo. Jumatatu alileta kigoda akakaa kizingitini na mchele wake. Tukazungumza habari za watu waliokufa na walioolewa. Kila upepo ukigeuka anasogeza kigoda asikae upande unakotoka upepo. Miaka minne nimemwachia mama yangu aamini ananitia kinyaa, kaka, na yeye anahama na kigoda. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Jana nikamwambia, "Mama, ingia." Akasema, "Nina hofu." Nikamwambia hata mimi nina hofu. Akavua viatu, akakanyaga hiyo sakafu yako polepole, kama imelala, akaketi chini, magoti yakalia kuliko ubao. Nikasogea. Nikaweka kichwa pajani kwake kama zamani, nikashusha pumzi, nikavuta.

Mimi nina miaka arobaini na tatu na sikuwa nimewahi kumnusa mama. Tangu nazaliwa nilikuwa nanusa udi, na asumini, na marashi, nikidhani ndiye yeye. Chini ya yote hayo alikuwepo mtu, kaka, ana harufu yake mwenyewe, na hatukuijua sote, hata yeye haijui. Siwezi kukueleza ikoje. Nimeivuta saa nzima, na kichwa hakikuuma, na pumzi haikubana, na nililia mpaka nikamlowesha kanga aliyoifua mara nne.

Akanigusa nywele akauliza, "Unaumwa?"

Nikasema, "Siumwi, mama."

Akasema, "Basi usiondoke hapo."

Mdogo wako,
Warda